Nyumba Zilizobaki Wazi: Mazungumzo juu ya Picha za Zarina Bhimji wa Mbarara

Ndugu msomaji, maneno unayoshika mkononi yalisemwa kwanza kwenye redio. Tumeyachapa kwa sababu wengi walituomba. Wengine siku ile hawakuwa na betri, wengine walikuwa njiani na mizigo kichwani. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, pamoja na marudio yake. Wewe uliye chefu wa mtaa au wa kijiji, au mkubwa wa nyumba kumi, uwasomee wasiojua kusoma. Na wewe uliyekimbia kutoka Eringeti, Mbau, Kamango, Kanyabayonga au mahali pengine, ujue kwamba tulipotayarisha kipindi hiki tulikufikiri wewe kwanza.



Leo hatutaanza na Beni. Tutaanza na safari. Njia hii wachuuzi wa Butembo wanaijua kuliko sisi: unafika Kasindi, unavuka mto Lubiriha, unaingia Mpondwe, unapita Kasese, unavuka maji ya Kazinga pale Katunguru, unapanda Bushenyi, halafu unafika Mbarara. Ni safari ya siku moja kama gari ni zima na mpaka haukufungwa. Katika mji huo wa Mbarara, mwaka wa 1963, alizaliwa msichana wa jamaa ya Kihindi, jina lake Zarina Bhimji. Mwaka wa 1974, akiwa bado mtoto, alitoka Uganda akaenda Uingereza. Leo anajulikana mbali kama mpiga picha na mtengenezaji wa filamu, na kazi yake kubwa inazunguka swali moja: watu wakiisha kuondolewa mahali, kunabaki nini pale?

Utatuuliza: Mhindi wa Mbarara na mkimbizi wa Oicha wanahusiana kwa nini? Utuvumilie kidogo, tutafika.

Kwanza tuone Wahindi walifikaje katika inchi ile. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga njia ya reli kutoka Mombasa mpaka ziwa Viktoria. Waliwaleta watu kama 32,000 kutoka Uhindi kwa mkataba wa kazi. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa, na kama 6,700 hivi wakabaki. Lakini wenye maduka, wale wa jamaa za biashara, wengi walikuja kwa mapenzi yao wenyewe, kwa jahazi na baadaye kwa meli, wakiifuata ile biashara ya zamani kati ya Gujarat na pwani ya Zanzibar na Mombasa. Walifungua vibanda mbali na miji, wakauza chumvi, vitambaa, mafuta ya taa, sindano. Watoto wao walizaliwa hapa. Wajukuu wao walizaliwa hapa. Kufikia miaka ya 1960 kulikuwa na watu wengi waliosema Kigujarati nyumbani, Kiganda au Kinyankole dukani na Kiingereza shuleni, na hawajakanyaga Uhindi hata siku moja.

Tusifiche lakini upande mwingine. Utawala wa wakoloni uliwapanga watu kama ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika alilima pamba, Mhindi akainunua na kuisafisha, Mzungu akaandika sheria. Mkulima hakumwona yule aliyeandika sheria. Alimwona mwenye mizani. Ndiyo sababu hasira ilimwendea mwenye mizani. Mwaka wa 1959 watu wa Buganda waligoma kununua katika maduka ya Wahindi kwa muda mrefu. Malalamiko yale hayakuwa ya uongo. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu fitina yenye nguvu haijengwi juu ya uongo mtupu. Hujengwa juu ya lalamiko la kweli ambalo hakuna mkubwa aliyelisikiliza kwa wakati wake.

Tarehe 4 mwezi wa nane 1972, Rais Idi Amin alisema mbele ya askari wake katika kambi ya Tororo kwamba Waasia wenye pasiporti ya Uingereza lazima watoke Uganda. Aliwapa siku 90. Alisema ameonyeshwa neno hilo katika ndoto. Ndani ya siku chache orodha iliongezeka: wenye makaratasi ya Uhindi, ya Pakistani, ya Bangladesh. Kwa muda alitaja hata wale waliokuwa raia wa Uganda, kisha akageuza maneno. Lakini raia hao waliambiwa waende kuhakikisha makaratasi yao. Walipanga mstari kwenye jua siku nzima, na mwenye kukosa muhuri mmoja, au aliyechelewa kukana uraia wa kwanza, aliambiwa: wewe si mtu wa hapa. Mtu aliingia ofisini akiwa mwanainchi akatoka akiwa mgeni, na mwili wake haukubadilika hata kidogo.

Waliotoka walikuwa zaidi ya 50,000. Kila jamaa iliruhusiwa kubeba kama pauni 50 tu za fedha. Katika njia ya kutoka Kampala kwenda Entebbe, kwenye uwanja wa ndege, askari waliweka vizuizi, na pale wakachukua saa za mkono, bangili, herini, redio. Wamama wanaotusikiliza hawahitaji kuelezwa kizuizi ni nini.

Kama 28,000 walifika Uingereza. Serikali ya kule ilifungua kambi 16 za kuwapokea, nyingi katika majengo ya zamani ya jeshi: vitanda vya chuma, blanketi za msaada, mstari wa chakula, baridi ambayo hawakuijua. Mji mmoja, Leicester, ulilipa tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwezi wa tisa 1972 kuwaambia wasije kwao, kwa sababu nyumba zimejaa na shule zimejaa. Walikwenda hata hivyo. Waliingia katika viwanda, wakafungua maduka, wakajenga mitaa iliyokuwa imelala. Miaka mingi baadaye mji uleule umekuwa ukijisifu kwa ajili yao. Tunawaachia hilo viongozi wa miji inayopokea watu.

Na nyumba zao kule Uganda? Hapa ndipo habari inapotuhusu sana. Serikali ya Amin iliunda ofisi ya kulinda mali ya Waasia walioondoka. Angalia neno lenyewe: kulinda. Lakini maduka, viwanda na majumba yaligawiwa askari, marafiki na watu waliojua mlango wa kuingilia. Ni sawa na kumpa fisi kazi ya kuchunga mbuzi. Watu wa Uganda waliwapa matajiri hao wapya jina kwa Kiswahili, mafuta mingi. Walipata duka bila kujua bidhaa zinaagizwa wapi. Waliuza vilivyokuwa rafuni, na rafu ikawa tupu. Viwanda vikubwa vya sukari, Kakira na Lugazi, vilishuka mpaka karibu kusimama, na inchi iliyokuwa ikiuza sukari ikaanza kuitafuta kwa magendo. Wazee wa Butembo wanalikumbuka vizuri neno hilo magendo, maana kahawa ya huku nayo ilipita mipaka hiyo usiku miaka ile, na baadhi ya majumba ya ghorofa tunayoyaona mjini yana hadithi yake humo.

Sisi wenyewe tusicheke. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, mwaka mmoja tu baada ya Wahindi kuondoka Uganda, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa ya Wazairwa. Katika Kivu, Wagiriki, Waasia na Wabelgiji waliachia funguo. Kuna waliopewa mashamba ya kahawa wakauza mashini kwa kilo. Kufikia mwaka wa 1976 serikali yenyewe ilikuwa ikiwaita wenye mali warudi.

(Hapa wimbo mmoja ulipigwa.)

Sasa turudi kwa yule msichana wa Mbarara. Katika Uingereza alikua, akasoma sanaa katika Leicester na London. Mwaka wa 1987 alionyesha kazi moja juu ya jambo la aibu lililokuwa limejulikana miaka minane mbele yake: wanawake waliotoka Uhindi na inchi za jirani, wakifika uwanja wa ndege wa Heathrow ili waolewe, walichunguzwa miili yao na watu wa serikali ili kuhakikisha kama ni mabikira. Hakupiga picha ya mwanamke akilia. Alitundika picha na maneno machache hewani, na chini sakafuni akamwaga manjano na pilipili za unga. Aliyeingia alipata harufu ya jiko la mamake, na papo hapo akasoma lililofanywa mpakani. Sisi tunafikiri ni kazi ya heshima. Mama aliyetendewa vile hakulazimishwa kuonyesha uso wake mara ya pili.

Kwa miaka mingi hakuweza kupiga picha za Uganda. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, alirudi mara kwa mara, akatembea na kamera na daftari, akaangalia. Picha alizozitengeneza kati ya 1998 na 2006 aliziweka pamoja chini ya jina moja, Mapendo. Jina hilo linashangaza, kwa maana ndani yake hakuna mtu anayekumbatiwa. Kuna kuta zilizobanduka rangi, vyumba vitupu, waya za umeme, milango ambayo hakuna anayeifunga. Moja ina jina ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema: Bapa Alifunga Moyo Wake, Ikawa Mwisho. Bapa ni baba kwa lugha ya nyumbani kwao. Mwenye kuona baba yake akikaa kimya kwenye mlango wa hema, miezi na miezi, atalielewa jina hilo bila mwalimu.

Mwaka wa 2002 filamu yake iliyochukuliwa Uganda ilionyeshwa kule Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya sanaa ambayo mwaka ule yaliongozwa na Okwui Enwezor, mtu wa Nijeria. Inachukua dakika 24 hivi. Inaanza na vilima vya kijani na ukungu wa asubuhi, kama vile vya Lubero. Ndege wanalia. Halafu moto unawaka katika majani, na sauti yake inakua. Halafu tunaingia ndani: nyumba zilizoachwa, kambi, vyumba vya kufungia watu, makaburi, mwishoni uwanja wa ndege wa Entebbe. Sauti za watu zinasikika, lakini watu hawaonekani. Hakuna msemaji anayekueleza ufikiri nini. Yeye mwenyewe amesema hatafuti kutoa habari ya mambo moja kwa moja. Anatafuta mwangwi wake, alama zilizobaki.

Kuna wanaolalamika kwamba filamu ya namna hiyo ni ngumu, kwamba haisemi nani alikosa. Tunawaelewa. Sisi wenyewe tulipotayarisha kipindi hiki tulibishana: mmoja wetu alisema mtu aliyepoteza jamaa katika Eringeti anahitaji majina ya wauaji, hahitaji picha ya ukuta. Ni kweli anayahitaji. Majina ni kazi ya mahakama, na tunaidai kazi hiyo. Lakini kuna kitu kingine ambacho mahakama haitampa, nacho ni kuona kwamba mahali pake palikuwa mahali, na pana kumbukumbu hata akiwa mbali.

Tena angalia tofauti hii. Ni mara ngapi wageni wamekuja katika makambi yetu na kamera, wakatafuta mtoto mchafu kuliko wote, wakamwambia ashike sahani tupu? Picha inakwenda Ulaya, mama hajui ilikwenda wapi. Zarina Bhimji, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa kuhamishwa, akiwa na ruhusa na fedha za kupiga picha atakavyo, alichagua kutomwonyesha mtu hata mmoja katika mateso. Chefu wa kambi, unayo haki ya kumwuliza mpiga picha: picha hii ni ya nini, na mwenye uso amekubali? Kuuliza hivyo si kukataa msaada.

Baadaye aliendelea kufuata njia ya mababu zake kinyumenyume. Filamu ya mwaka 2011 aliichukua Uhindi, katika ofisi za zamani za bandari ya Mumbai zilizojaa makaratasi, na upande wa Gujarat walikotoka wasafiri. Nyingine, ya mwaka 2015, aliichukua Kenya akifuata ile reli. Aliipa jina Jangbar, yaani Zanzibar kwa midomo ya wafanyabiashara wa Gujarat. Mwaka wa 2007 alikuwa kati ya wanne waliochaguliwa kwa zawadi kubwa ya sanaa ya Uingereza, zawadi ya Turner. Hakuipata, akaendelea na kazi.

Tuseme sasa juu yetu.

Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji katika eneo la Beni yameondoa watu katika vijiji ambavyo watoto wa leo wanavisikia kwa jina tu. Mwaka wa 2013, Kamango iliposhambuliwa, makumi ya maelfu walivuka mpaka kwenda Bundibugyo. Mwaka wa 2024 watu wa Kanyabayonga na kusini ya Lubero walipanda kuelekea huku wakikimbia vita vya M23. Mtu mmoja amehama mara tatu, mara nne. Katikati ya hofu hiyo lilizaliwa jambo ambalo hatupendi kulikumbuka. Katika mji wa Beni, mwishoni mwa mwezi wa kumi 2014, kundi la watu lilimwua kijana mmoja kwa mawe na kumchoma. Walimshuku kuwa mwasi. Hakuweza kuwajibu kwa Kiswahili. Labda alikuwa mwasi, labda hakuwa. Hakuna aliyengoja kujua. Na leo jamaa zikipita Butembo na vifurushi, zikitoka Masisi au Rutshuru kwenda kutafuta mashamba upande wa Boga, tunasikia vijana wakiuliza lugha ya mtu kabla ya kuuliza jina lake. Wale makarani wa Kampala mwaka 1972 waliuliza muhuri. Sisi tunauliza matamshi.

Hofu ina sababu, hatusemi mfumbe macho. Mgeni aandikwe kwa chefu, makaratasi yaangaliwe na wenye kazi hiyo, mchana, mbele ya mashahidi. Kazi hiyo isiachiwe kijana mwenye jiwe na mdomo wenye pombe.

Neno la pili ni la nyumba na mashamba. Katika vijiji ambavyo usalama umerudi kidogo, tunasikia kwamba kakao ya waliokimbia inavunwa na wengine. Kakao hiyo inapita kwenye mizani, inauzwa, na mnunuzi haulizi ilitoka shamba la nani. Kule Uganda sheria ya kurudisha mali ya Waasia ilitoka mwaka 1982, miaka kumi baada ya wao kuondoka, na warudishaji halisi walianza kazi kwa nguvu chini ya Museveni, hasa miaka ya 1990. Wakati huo kulikuwa na watu waliozaliwa katika nyumba za wengine, wasiojua mahali pengine pa kwenda. Kesi nyingine zilivutana miaka na miaka baada ya hapo. Jamaa ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985 na kuanza kufyeka pori lililokuwa shamba. Hao walikuwa matajiri, walikuwa na wanasheria. Mwenye duka moja la Mbarara mara nyingi hakurudi kabisa.

Ndiyo maana tunawaomba viongozi wa kijiji msingoje sheria ya Kinshasa. Daftari moja inatosha kuanza: jina la mwenye shamba, jina la bibi yake pia, mipaka kwa majina ya majirani na ya miti, nani analichunga sasa, ameanza mwaka gani, na mavuno yanagawanywa namna gani. Wazee wawili watie kidole. Nakala moja ibaki kwa chefu, moja parokiani au kwa mchungaji, moja kwa mwenyewe kambini. Mchungaji wa shamba aitwe mchungaji siku ile ile, mbele ya watu, ili asije kujiita mwenyewe baada ya miaka mitano.

Na wewe uliye kambini: kama una simu yenye kamera, au kijana wako anayo, siku utakapopata njia ya kufika nyumbani hata kwa saa moja, piga picha ya mlango, ya kisima, ya miti ya mpaka, ya kaburi la mzazi. Usimpige mtu. Kama huna simu, kaa na watoto, chora kwa mkaa juu ya karatasi: hapa palikuwa jiko, hapa mwembe, hapa njia ya mtoni. Mtoto aliyezaliwa kambini ataijua nyumba yake kabla hajaiona.

Juma lijalo tutaingia kwenye mwaka wa 1973 katika Butembo na Beni wenyewe, na wazee wawili waliokuwa makarani wa maduka wakati ule. Kama nyumbani mwako imebaki foto ya zamani, ya duka, ya shamba la kahawa, ya darasa kabla ya vita, utuletee. Hatutaichukua. Tutaiangalia pamoja mezani, tutaandika nyuma yake majina ya waliomo kwa kalamu ya risasi, na utarudi nayo.